Bao la Pangoni

Nyumbani kwa Mzee Ambrosi,
Kipalapala,
Tabora.

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Erasmus,

Marahaba. Shikamoo yako sijaisikia tangu Julai, lakini mimi naitikia tu, maana mdogo akiacha kuamkia na mkubwa naye akinyamaza, nyumba inabaki haina adabu hata ya kuombea chumvi kwa jirani.

Hujambo huko Mtwara? Wifi yangu Agnetha hajambo? Mguu wake uliokuwa ukivimba umepoa? Octavian na Suzana wanaendeleaje na shule? Na lile tumbo ulilosema umekuja kulipunguza huku kwetu, limepungua? Nauliza kwa wema kabisa. Sisi huku ni wazima wa kusimama, isipokuwa baba, ambaye ndiye sababu ya barua hii, na goti langu la kushoto, ambalo si sababu ya chochote, linaniuma tu.

Usishangae kupata karatasi zama hizi. Sauti nilizokutumia kwa simu zilikuwa nane. Ya kwanza ulinijibu, "Dada, ni kete tu hizo," ukaweka na kikaragosi kinachocheka mpaka kinatoa machozi. Saba zilizofuata ulizipigia kidole gumba. Mtu analia, wewe unampigia kidole gumba. Basi nimeandika, na barua nimemkabidhi Abdulatifu, yule mwenye duka Kanyenye, anakuja huko kwenye mambo yake ya korosho. Nimemwambia asiiache kwa mlinzi getini. Akupe mkononi na akuone unaifungua.

Tuanze na matembezi yako. Jumatatu ile ya Julai uliamka ukasema twende bonde la Mabwe tukatembee polepole, tufurahie mazingira. Mimi nilikuwa na magunia mawili ya karanga za kumenya. Nikayaacha, maana mdogo wangu huja mara moja kwa miaka minne. Ukatoka chumbani na viatu vya rangi ya machungwa vinavyofika kwenye vifundo, kofia yenye kamba kidevuni, na fimbo mbili za chuma. Fimbo mbili, Erasmus, kwenye njia ambayo mama alipita na mtungi kichwani, wewe mwenyewe ukiwa mgongoni. Baba ana miaka themanini na tatu na anatumia moja.

Kwa kuwa sipendi kusema uongo hata nikikasirika, nakubali kwamba bonde lilikuwa zuri siku ile. Kulikuwa na ubaridi wa asubuhi, mchanga wa kijito mkavu na mweupe, na yale majabali yamepandana kama mtu aliyeyapanga kisha akaitwa kula. Pimbi walikuwa juu yake wanaota jua na hawakutuogopa. Ulisimama kwenye kila jiwe ukajipiga picha. Mwendo wa saa moja tuliutembea saa mbili na nusu.

Na njiani humo, kabla hatujafika pangoni, ndipo uliponiambia kwamba nimemweka baba kama kuku wa kienyeji. Asubuhi namfungulia, jioni namwita, katikati sijui yuko wapi. Ukasema Mtwara angekuwa na chumba chake na televisheni yake, na mtu wa kumwangalia. Uliyasema hayo huku unatafuna biskuti zako, matobolwa yangu umeyakataa, eti viazi vilivyokaushwa vinakujaza gesi. Nimemwogesha mama miaka mitatu mpaka amefariki. Baba namjua kwa mlio wa kikohozi chake kama anaumwa au anatafuta tu kahawa. Kisha napewa cheo cha mfuga kuku na mtu mwenye fimbo mbili.

Nikatangulia mbele. Tulipofika, wewe uliingia pangoni na simu yako, mimi nikakaa nje juu ya jiwe bapa nikavua viatu. Humo ndani uliona ngozi kuukuu ya ng'ombe imetandikwa chini na kubanwa na mawe pembeni. Ukayaondoa mawe, ukaivuta ngozi. Chini yake ukakuta bao limechongwa mwambani, lile la wapagazi wa zamani, ambalo babu yake baba alikuwa akilichezea kila msafara ulipolala pale na mzigo wa pembe. Mashimo yalikuwa na kete zake zote, mbegu za komwe za kijivu, mchezo umesimama katikati. Ukachuchumaa ukacheza. Ukala kete kumi na moja kwa mtaji mmoja, zamu moja tu. Ukajipiga picha unacheka, ukaitupia kwenye kundi la familia na maneno, "Hakuna mpinzani." Ulipotoka ulirudisha ngozi, ukaona umetenda la kiungwana.

Sasa nisikilize ulichokifanya, maana kidole gumba chako kinanionyesha bado hujaelewa.

Mzee Mhoja unamjua. Huyo ndiye Msukuma wa ng'ambo ya bonde aliyekuiba siku ya ubatizo wako, akakimbia na wewe mpaka zizini kwake akidai ng'ombe, kwa kuwa sisi Wanyamwezi na wao ni watani na mtani haulizwi. Yeye na baba walikuwa chanda na pete. Walikuwa na mapatano yao ya utani, kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atashuka kaburini kwanza, alale humo kulipima, na aseme mbele ya waombolezaji kwamba marehemu hataenea kwa sababu ya ugali aliokula bure kwa mtani wake. Mama alikuwa akiwakataza maneno hayo mezani.

Na ugomvi wao unaujua pia. Mzinga wa nyuki wa Mhoja ulikutwa mtupu, na chini ya mti kukawa na alama za kandambili za baba. Baba alisema alipita tu. Mhoja akamwita mwizi mbele ya watu, na hilo halikuwa la utani. Tangu siku hiyo hawajasemeshana, hata kwenye msiba wa mama Mhoja alisimama mbali na wanaume wengine, akachimba kaburi bila kumtazama baba, akaondoka bila kunawa.

Usilolijua, kwa sababu ulishahamia huko kwenye upepo wa bahari, ni kwamba mwaka mmoja baada ya mama kuzikwa baba alikwenda bondeni kutafuta dawa ya mbuzi akakuta lile bao limefagiliwa. Kete zimepangwa, na upande mmoja umeshacheza mara moja. Kando yake kulikuwa na kijiti cha mninga kimelazwa upande wa pili, kuonyesha kwamba zamu ni ya huko. Baba hakuuliza ni nani. Akachuchumaa, akacheza, akakihamisha kijiti, akarudi nyumbani na siku ile alikula sahani mbili.

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka kumi na mitatu. Mhoja huenda Jumatano, baba huenda Jumapili akitoka misa. Kila mmoja hucheza mara moja, hukihamisha kijiti, hufunika ngozi, huondoka. Ukutani wameandika kwa mkaa mabao waliyoyamaliza, saba ya Mhoja na sita ya baba. Neno hawajasemezana hata moja. Lakini mimi nimemwona baba akitoka huko anacheka peke yake njia nzima kwa sababu Mhoja amejichanganya, na nimemwona akikosa usingizi mchana wa Jumanne kwa kuwaza Mhoja atafanya nini kesho. Wewe uliyeuliza baba anashinda wapi, basi alikuwa huko kwa mtani wake.

Ulipoingia pangoni kijiti kilikuwa upande wa Mhoja. Zamu ilikuwa yake. Wewe ukakaa upande wa baba, ukacheza, na kijiti ukakiacha pale pale. Mhoja akafika Jumatano yake. Bao lile analo lote kichwani, kila shimo. Akaona kwamba Ambrosi amerudi kinyemela akacheza mara mbili, na amekula kete kumi na moja ambazo si zake.

Jumapili baba alirudi mapema mno. Alikuwa ameshika kijiti kimevunjwa vipande viwili. Akaviweka chini ya mto wake, akalala na viatu. Nilijua sababu siku ya tatu, mashineni, nilipokutana na Mama Ngollo, mke wa Mhoja, tunasubiri unga. Alinieleza huku ananitazama kwa huruma, kwamba mzee wake anapita akisema aliyekula mzinga sasa amekula na bao. Mwenye kovu usidhani kapoa. Baba ameitwa mwizi tena, pale pale alipokuwa ameanza kusafishwa jina.

Nilikwenda kwa Mhoja mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo akaitikia kwa sababu ya heshima yake, si yangu. Nikamtolea simu nikamwonyesha ile picha yako ya meno. Ana mtoto wa jicho, akaishika mbali, akaishika karibu, akanirudishia. Akasema picha za siku hizi zinatengenezwa, hata yeye amewahi kuonyeshwa simba anaendesha pikipiki. Kisha akasema maneno ambayo nakuandikia yalivyo.

"Picha haina mkono. Aliyezitoa kete ndiye azirudishe, na mimi nikiwa nimesimama pale namtazama."

Nilimwuliza kama ukipiga simu itatosha. Akaenda kufungua ndama.

Basi nikarudi kwa baba, nikamweleza yote, kwamba si Mhoja aliyemfanyia hila, ni wewe. Unajua alinijibu nini? Alinikatalia. Alisema bao amekufundisha yeye kwa mikono yake, ukiwa na miaka sita, na jambo la kwanza alilokufundisha ni kutogusa mchezo wa watu wawili. Akasema nina wivu na wewe tangu utotoni. Akageukia ukutani. Kwa hiyo Mhoja anaamini mwizi ni baba, baba anaamini Mhoja amepanga kete mwenyewe ili ampakazie, na mtu mmoja tu duniani anayeweza kuwafungua hao wazee yuko Mtwara anapiga kidole gumba.

Hali yake haifichiki. Hatoki tena. Viatu vya Jumapili vimeota vumbi. Chakula anakichokonoa. Daktari amesema moyo unafanya kazi kwa shida na amempa vidonge, anavimeza kwa sababu nasimama mbele yake. Majuzi Alhamisi, nikimkata kucha, alinishika mkono akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza sukari:

"Nikifa, Mhoja asiitwe. Mnizike kama mtu asiye na mtani."

Erasmus, hujawahi kuzika mtu asiye na mtani. Mimi nimeona. Watu wanatupa udongo wanaondoka, hakuna wa kuchekesha, hakuna wa kumtukana marehemu kwa upendo, kilio kinawabakia kifuani kinageuka ugonjwa. Hicho ndicho unachokiita kete tu.

Ijumaa nilikwenda bondeni peke yangu. Goti langu lilinitembeza polepole, kwa hiyo na mimi nimefurahia mazingira. Majani yote yamepukutika, miti ya miyombo imeanza kutoa yale mekundu mapya kabla hata mvua haijanyesha. Kimya chake nilikichukia. Pimbi wako wapo, wananona. Pangoni ngozi ilikuwa imetupwa pembeni na kete ziko vile vile ulivyoziacha, maana hakuna aliyezigusa tena. Nilizihesabu kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Bao ni kete sitini na nne. Nilizihesabu mara tatu nikapata sitini na tatu.

Nilipekua mchangani kwa vidole mpaka kucha zikauma. Ndipo nikakumbuka mwezi wa nane Agnetha alinipigia simu akanishukuru kwa zawadi, eti ile mbegu nzuri ya kijivu uliyomtobolea ukamtilia kwenye funguo. Nikamjibu karibu, wifi. Sikuelewa alichokuwa anazungumza. Usimgombeze, yeye ndiye mkweli pekee nyumbani kwako. Kwa hiyo mwizi alikuwepo kweli safari hii, mdogo wangu, ila si yule anayelala na kijiti chini ya mto.

Nakutaka uje. Sisemi tafadhali. Mvua huku zitaanza katikati ya Novemba, na maji yakishashuka bondeni pangoni hapafikiki mpaka Aprili. Baba simwoni akiifikia Aprili. Uje na kete hiyo, hata kama imetobolewa. Tutashuka na baba polepole, tutambeba pale atakapochoka. Upande wa pili atashuka Mhoja, hilo nimeshapanga na Mama Ngollo. Utamwamkia "Mwangaluka" kwa lugha yake, na asipokuitikia utasimama hivyo hivyo. Utazirudisha kete kumi na moja shimo kwa shimo huku wote wawili wanatazama, na utasema kwa mdomo wako ulichofanya. Ukisahau zilikokuwa usitie shaka, watakuelekeza, tena kwa pamoja. Viatu vaa uvitakavyo. Fimbo mbili ziache huko.

Na sasa lile ambalo katika sauti nane sikulisema. Nimeliandika mwisho kwa sababu nilitaka ukasirike kwanza kama mimi.

Nilikusikia. Nilipokuwa nje kwenye lile jiwe nikila matobolwa yangu, nilisikia mawe yakiondolewa na ngozi ikivutwa. Kisha nikasikia komwe zikidondoka shimo moja moja. Mlio ule naujua, nimelala nao utoto wangu wote. Nilijua bao lile ni la nani na nilijua halijaisha. Neno moja lingetosha, "acha," na wewe ungeacha, maana hata kwa majivuno yako ungali unaogopa sauti yangu. Sikulisema. Nilikuwa nimenuna kwa ajili ya kuku wa kienyeji, na moyoni nilitaka uharibu kitu. Nilitaka baba akugombeze mara moja tu katika maisha yake, mimi nikiwepo.

Mungu anajua nimelipwa. Kwa hiyo siku ukisimama mbele ya Mhoja, mimi nitasimama kando yako, na ukimaliza kusema lako nitasema langu. Usidhani kwamba hilo linapunguza kosa lako. Linaongeza mtu tu.

Nisalimie Agnetha sana, mwambie apake mafuta ya mbarika mguuni akilala. Wabusu Octavian na Suzana, waambie shangazi yao bado ana karanga zao. Mama Ngollo anakusalimu, yeye hana kinyongo. Bwana akulinde njiani na akupe moyo wa kupanda basi.

Baba ameniona naandika, akauliza ni kwa nani. Nilipomwambia, ameinuka akakaa kitandani kwa mara ya kwanza wiki hii ili anipe salamu zake, na amesema niziandike kama alivyozitamka. Ni hizi: "Mwambie mwanangu asiwe na wasiwasi. Yale uliyomsingizia sikuyaamini hata kidogo."

Dada yako akupendaye na kukukasirikia kwa moyo ule ule,

Levina